Gari Lenye Homa za Vipindi

Ndugu msomaji, magonjwa yako ya aina mbili. Kuna ugonjwa unaomlaza mtu kitandani, kila apitaye akamwona na kumpa pole. Huo una nafuu yake, maana haubishaniwi. Halafu kuna homa za vipindi. Usiku mgonjwa anatetemeka na meno yanagongana, asubuhi mnapomfikisha kwa daktari yuko mzima, anaomba chai na maandazi, mpaka ninyi mliomsindikiza mnaona aibu. Huu ni mwaka wangu wa nne katika gereji bubu moja huku Pasua, Moshi, nikijifunza umeme wa magari, na magari nayo huugua hivyo hivyo. Nataka kukusimulia habari za gari moja la namna hiyo, na za neno moja nililolitamka ambalo mpaka leo linanikaa kooni.

Ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Siku hiyo Fundi, yaani mwalimu wangu, alikuwa amekwenda msibani Rombo na kuniachia funguo. Mara likaingia gari dogo jeusi la viti viwili, limetoka Japani likiwa limetumika. Jina la kampuni sitalitaja, sina ugomvi nao. Lilikuwa gari la wazi, lakini si lile la paa la turubai. Paa lake ni la bati gumu, na lenyewe hujikunja kwa umeme likalala ndani ya buti. Watoto wote wa mtaa walikuwa nyuma yake wakikimbia.

Mwenyewe ni mfanyabiashara wa hapa mjini, mtu wa makamo, mpole. Kwao ni Kibosho, na kila Jumamosi hupanda kumwona mama yake.

"Kijana, Fundi yuko wapi?"

"Hayupo, mzee. Shikamoo. Nipo mimi."

"Marahaba. Hii gari inanitia aibu. Juzi nilipofika nyumbani nikabonyeza swichi nifungue, haitaki kabisa. Wajukuu wamejipanga wanangoja sinema. Nikakata tamaa. Leo asubuhi nabonyeza mjini, huyo, imefunguka kama mlango wa benki."

Nikamwomba aniachie. Alipoondoka nikabonyeza swichi mwenyewe. Vioo vikashuka, buti likafunguka kuelekea nyuma, paa likainuka, likajikunja katikati na kuzama. Buti likafunga. Nikalirudisha. Nilifanya hivyo mara kumi na halikugoma hata mara moja.

Hapa ni lazima nieleze kidogo paa hili linavyofanya kazi, la sivyo hutaelewa kosa langu. Ndani ya buti kuna pampu ndogo ya umeme inayosukuma mafuta kwenye mirija, na mafuta hayo ndiyo yanayoinua na kukunja. Lakini pampu haina akili. Akili iko kwenye kijisanduku ambacho sisi mafundi tunakiita kontroli boksi. Kijisanduku hiki hakina macho. Kinachojua ni kile tu kinachoambiwa na swichi ndogondogo zilizotawanywa garini. Moja inasema gari limesimama. Nyingine inasema kizuizi cha mizigo ndani ya buti kimewekwa mahali pake, maana mzigo ukizidi paa litauponda au litavunjika. Nyingine inasema buti limefungwa, nyingine buti limefunguka lote, nyingine paa limefika. Kila hatua inangoja taarifa ya hatua iliyotangulia. Taarifa moja isipofika, kila kitu kinasimama pale pale kilipo. Ni kama ofisi ambayo faili haliendi meza ya pili mpaka ligongwe muhuri wa meza ya kwanza.

Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikapima betri, nzima: volti 12 na nukta sita injini ikiwa imezimwa. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikafungua buti nikakagua mafuta ya pampu, yako kwenye alama. Nikasafisha zile swichi nilizoweza kuzifikia, nikapuliza vumbi. Nikabonyeza, paa likaenda. Mara kumi nyingine, likaenda.

Jioni mwenye gari akarudi. Akaniuliza, "Vipi, umelipata?"

Nikamjibu, "Limepona, mzee."

Akanipa shilingi elfu sitini, akaniongezea elfu tano ya soda. Nilizipokea kwa mikono miwili. Hata namna ya kulishusha paa kwa mkono likikwama katikati sikumwonyesha, kwa sababu sikuijua, na sikutaka ajue kwamba siijui.

Jumapili ya pili yake kulikuwa na kipaimara cha mjukuu huko Kibosho. Mzee alipanda na kreti za soda kwenye buti, paa limefungwa. Akashusha mzigo, akabonyeza, paa likafunguka vizuri. Akampakia mama yake mbele, bibi wa miaka themanini na kitu, amevaa vitenge vipya na kitambaa cheupe kichwani, wakaenda kanisani taratibu huku watu wakiwapungia mikono. Misa ilipokwisha, wingu likashuka kutoka mlimani, na anayeujua mlima wetu anajua kwamba mvua ya vuli huko juu haipigi hodi. Mzee akabonyeza swichi. Buti likafunguka, paa likainuka nusu, likasimama wima. Taa ya dashibodi ikawa inakonyeza tu. Huwezi kuendesha gari hivyo, buti limeachama nyuma na paa limesimama kama mdomo wa mamba. Vijana walikata majani ya migomba wakamfunika Bibi, lakini mpaka gari jingine linapatikana alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Usiku kifua kikambana. Alilazwa hospitalini siku mbili.

Habari hizi tulizipata Jumatatu, Fundi akiwa amerudi. Mzee hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alisimulia polepole, kisha akasema, "Mimi niliambiwa limepona."

Fundi hakunitazama. Akasema, "Gereji yangu imekosea, mzee. Utatuwia radhi." Akaingia ndani akatoka na elfu sitini na tano, za mfukoni mwake, akamkabidhi. Kwamba nilikuwa peke yangu siku ile, hakusema.

Mteja alipoondoka akanivuta pembeni.

"Siku ile uligundua nini?"

"Nilisafisha swichi, Fundi. Nikapima na betri."

"Sijakuuliza ulifanya nini. Nimekuuliza uligundua nini."

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Sikugundua kitu."

"Sasa kitu ambacho hukukigundua, kilipona vipi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Ndipo kazi yenyewe ikaanza, na kila mtu akawa na dawa yake. Mwenzangu mmoja alisema ni baridi: ukipanda mita elfu moja hewa inapoa kwa takribani nyuzi sita, kwa hiyo Kibosho mafuta ya pampu yanakuwa mazito. Mimi nilisema ni mteremko: gari likisimama upande, bodi inajipinda kidogo na swichi hazikutani. Tuliazima mashine ya kompyuta ya kupimia, ikatutajia hitilafu tatu kwa mpigo, lakini ipi ni mzazi na ipi ni mtoto haikusema. Jirani yetu mwenye duka la spea akashauri pampu ibadilishwe yote. Bei yake ilizidi milioni mbili. Mzee alikuwa tayari kulipa, alivyokuwa amechoka.

Fundi akakataa. "Kubuni ni bure," alisema, "ila spea inalipiwa." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe si ndiye mwandishi? Lete daftari lako."

Niseme ukweli, niliona ananikejeli. Nina daftari kubwa la jalada gumu ambalo ndani yake naandika riwaya, huu ni mwaka wa tatu. Huwa naandika mchana wa jua kali wateja wakiwa wachache. Fundi hakuwahi kuliulizia. Sasa akalichukua, akageuza ukurasa wa nyuma kabisa, akaniamuru nichore mistari: tarehe, saa, mahali, jua au mvua, gari limeelekea juu au chini, kulikuwa na mzigo au hapana, na nini kilifanyika dakika chache kabla. Mzee naye akaombwa aandike hivyo hivyo kila anapobonyeza swichi, likikubali na likigoma. "Hasa likikubali," Fundi alisisitiza. Tukamwonyesha pia namna ya kulegeza mafuta ya pampu na kulishusha paa kwa mikono ya watu wawili, asije akaadhirika tena.

Usiku nilikuwa nasoma kwenye simu habari za mapaa ya namna hii, nikidhani ni mambo ya juzi. Kumbe ni ya zamani. Miaka ya 1930 Mfaransa mmoja, Georges Paulin, alibuni paa gumu la kujificha ndani ya buti, na kampuni ya Peugeot ikalitumia kwenye magari yaliyoitwa Eclipse kuanzia mwaka 1934. Kilichonishangaza ni kazi yake: Paulin alikuwa daktari wa meno. Wakati wa vita aliingia kwenye mapambano ya siri dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi yake, wakamkamata na kumpiga risasi mwaka 1942. Baadaye, mwaka 1957, Ford wa Marekani wakatoa gari lililoitwa Skyliner, kubwa kama chumba, paa lake likiendeshwa na mota kadhaa, swichi kumi za taarifa na waya wenye urefu wa zaidi ya mita 180. Katika miaka mitatu waliunda magari 48,394, kisha wakaacha. Nilipozisoma mita hizo 180 nikapata picha. Mahali pa kuugua ni pengi mno. Hapatafutwi kwa kupapasa.

Baada ya siku 24 Mzee akatuletea karatasi zake, nikazihamishia kwenye daftari. Paa lilikuwa limebonyezwa mara 41. Liligoma mara 9. Kibosho mara tano, na hapo mwenzangu wa baridi akatabasamu. Lakini mara mbili ziligomea Himo saa nane mchana, jua linachoma, na mara mbili nyingine Mbuyuni sokoni, hapa hapa mjini, mahali tambarare. Baridi ikaanguka, na mteremko wangu nao ukaanguka.

Tukakaa na ukurasa ule. Fundi alikuwa akinywa chai, mimi nasoma mstari kwa mstari kwa sauti. "Kibosho, ameshusha sukari na unga. Kibosho, amepakia mikungu miwili ya ndizi. Himo, amenunua vitunguu. Mbuyuni, amepakia maharage..."

Fundi akaweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia, na safari hii nikasikia mwenyewe. Mara zote tisa buti lilikuwa limefunguliwa kwa mkono muda mfupi kabla, kupakia au kushusha. Zilikuwapo safari nyingine buti lilifunguliwa na paa likakubali. Ila kugoma bila buti kufunguliwa kwanza, hakuna hata mara moja. Kibosho ilionekana ndiyo yenye ugonjwa kwa sababu huko ndiko mtu anakokwenda na mzigo na kurudi na mzigo. Nani anapanda kwa mama yake mikono mitupu? Na nani anaruhusiwa kushuka bila ndizi?

Sasa tulikuwa na mtaa wa kutafuta, si mji mzima. Tukapima kwanza swichi ya kile kizuizi cha mizigo, maana ndiyo inayoguswa na mizigo. Nzima. Ikabaki njia ya nyaya. Buti la gari kama hili ni la ajabu: kwa kupakia mzigo hufunguka kama mabuti yote, lakini kwa kupokea paa hufunguka kinyume, kuelekea nyuma. Nyaya zinazokwenda kwenye kufuli la buti na swichi zake zimepita bawabani, kwa hiyo zinakunjwa huku na kukunjwa kule, mwaka baada ya mwaka. Fundi akanipa mita, nikaiweka kwenye sauti, ile inayolia "piii" umeme unapopita bila kukatika. Nikashika waya wa kwanza ncha hii na ncha ile, yeye akawa analiinua buti polepole. Piii mwanzo mpaka mwisho. Waya wa pili, piii. Wa tatu vile vile. Waya wa nne ulilia, buti likapanda shubiri mbili, ukanyamaza. Likapanda tena kidogo, ukalia. Fundi akalishusha, ukanyamaza.

Tukatazamana.

Nikabandua tepu ya kiwandani. Ndugu msomaji, nilitarajia kuona waya uliokatika. Niliuona waya mzima, wa kijani, ngozi yake haina hata mkwaruzo. Nilipoukunja kwa vidole ndipo ukanywea kama uzi. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika yote, ncha zinagusana zikitaka na kuachana zikitaka, zimeshikiliwa na ngozi tu.

Hapo nikaelewa kitu kingine, na kilinichoma kuliko mvua ya Kibosho. Siku ile ya kwanza nilipofungua buti kukagua mafuta, ni mimi niliyelitikisa. Ncha zikagusana vizuri zaidi, gari likawa zima mbele ya macho yangu, nikajipa sifa za kusafisha swichi. Nilikuwa nimeugusa ugonjwa wenyewe kwa mkono wangu nikauita dawa.

Kutengeneza kulichukua saa moja. Kipande kibovu tulikikata, tukaweka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, mrefu kidogo kuliko wa zamani ili usivutwe. Viungo tuliviweka mbali na bawaba, kwa sababu mahali palipolehemiwa huwa pagumu, na pagumu pakikunjwa kila siku patakatika tena. Nyaya jirani tukazibadilisha pia, zilikuwa na umri ule ule. Kisha tukapakia buti mawe, tukashusha, tukabonyeza. Mara thelathini. Halikugoma, lakini safari hii sikufurahi kwa sababu halikugoma. Nilifurahi kwa sababu nilijua lilikuwa linagoma kwa nini.

Jumamosi Mzee akaja kulichukua. Fundi akaniambia, "Panda naye. Ukalijaribu na ndizi za kweli." Najua hakunituma kwa ajili ya ndizi.

Njia nzima ya kupanda Kibosho nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Mwishowe nikasema tu, "Mzee, siku ile Fundi hakuwapo. Ni mimi niliyekwambia limepona, na nilikuwa sijui." Akaendesha mpaka tukavuka daraja. Kisha akasema, "Kamwambie mama. Aliyelowa ni yeye."

Bibi alikuwa kwenye kigoda nje, kati ya migomba, anachambua maharage. Nikaamkia, "Shikamoo, Bibi." Nikachuchumaa nikamweleza yote, kuanzia zile elfu sitini. Aliendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza akauliza, "Na sasa limepona?"

Neno lile lile. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati nikatoa kile kipande cha waya wa kijani, nikampa.

Akakigeuza kwenye mwanga. "Mbona kizima?"

"Kikunje, Bibi."

Akakikunja. Kikanywea. Akakinyoosha, akakikunja tena, mara tatu, kama mtu anayempima mtoto mkono uliovunjika. "Loo," akasema, "ngozi nzima, mfupa hakuna." Akanirudishia. "Aika, mwanangu. Sasa nimeamini. Lakini mimi humo sipandi tena, hata mkilifunga kwa misumari."

Tulipakia mikungu mitatu. Mzee akafunga buti, akabonyeza kwa majaribio, paa likafunguka na kufunga mbele ya wajukuu, sinema waliyoingoja tangu Novemba. Kabla ya kushuka nikatoa daftari nikaandika: mara ya 42, Kibosho, mawingu, limeelekea chini, ndizi, limekubali.

Kile kipande nimekibandika kwa tepu kwenye ukurasa ule wa nyuma. Wiki hiyo hiyo niliisoma riwaya yangu kuanzia mwanzo, kalamu nyekundu mkononi. Katika sura ya saba kuna mlevi anayeacha pombe usiku mmoja na kuwa mume mwema. Nilikuwa naipenda sana sura hiyo, wenzangu niliowasomea waliipenda pia. Nikajiuliza kwa sauti ya Fundi: hapa uligundua nini? Nimeifuta yote. Naianza upya, na sijui bado huyu bwana anakunywa kwa nini. Nimemwandikia mistari yake kwenye daftari: siku, mahali, na nini kilitokea dakika chache kabla.